Aliyemucheza Mama Chungu

Katuba, Lubumbashi
11 Machi 2024

Hénoc, mutoto wangu,

Nakusalimia. Uko muzima? Banasema Kolwezi iko mavumbi mingi, ufunike kifua, unajua mapafu yako tangu utoto. Mimi niko. Mugongo unauma upande wa kushoto, sukari ya damu imeshuka kidogo, namushukuru Mungu. Basi, salamu imeisha. Sasa unisikilize.

Naandika barua juu telefone nimeitoa kadi. Tangu jana bantu bananitumia picha ya uso wangu na matusi chini yake, namba yangu sijui baliipata wapi. Na tena, kwa telefone ukisikia nimekasirika unasema réseau iko mubaya, unakata. Karatasi hautaikata. Nimemupa dereva wa bus ya Kolwezi, na nimemuambia asirudi bila jibu.

Jana Jumapili nilienda ku kanisa ya Syntiche, muke wa mutoto wangu Faustin. Ni yeye njo aliniita: Mama, kuya, kisha ya ibada banaonyesha filme. Filme gani, sikuuliza. Mimi mukatoliki wa kuzaliwa, nilivaa kitenge changu cha misa, nikakaa karibu naye, mukono wangu juu ya tumbo yake. Mimba ya miezi nane, mutoto anapiga teke kama anataka kutoka kwenda kazi. Nilikuwa na furaha, Hénoc. Kisha ku ukuta pakaandikwa: MAMA CHUNGU, USHUHUDA WA KWELI.

Wa kweli wa nani? Ile hadithi uliiandika ku meza yangu, ukikula mukate yangu, ukiniuliza mulozi anayekula bantu anasema namna gani. Nilikuambia sijui, sijamuona hata mumoja, lakini nitamutafuta. Ukacheka. Unakumbuka?

Nilipotokea mu filme na ile chungu yangu, kanisa yote ilirudi nyuma ku viti. Kisha balianza kusali kwa sauti, banafunga pepo, banakemea, banachoma. Mimi niko pale, musitari wa tatu. Mama mumoja akageuka, akaniona, akamugusa mwenzake. Wa pili akamugusa wa tatu. Na Syntiche akaushika mukono wangu, akauondoa juu ya tumbo yake, akauweka juu ya goti yangu mwenyewe. Polepole, kwa heshima.

Nikajiambia: Madeleine, vumilia, mwisho majina itapita. Miaka kumi na mbili nilicheza teatre ya parokia, na kila mara mwisho tulirudi mbele ya bantu tukainama, bamuone aliyekufa iko anasimama na mubaya iko anacheka. Majina ikapita. Claudine aliyecheza bibi arusi, alikuwako. Pasteur Zéphirin, mukubwa wenu, aliyejicheza mwenyewe, alikuwako mara tatu. Aliyepika sombe ya ekipe, mwenye groupe électrogène ya stima, bote balikuwako. Mimi, hapana. Na ile sehemu yangu ya kitambaa, dakika nne, haikuwako hata kidogo.

Leo asubuhi Faustin alipita mbele ya kwenda kazi. Hakukaa. Aliangalia viatu vyake, akasema munganga wa hospitali anashauri mutoto akizaliwa asibebwe na bantu bengi. Bantu bengi, ni mimi huyo. Unajua Syntiche hana mama tena. Mimi njo nilipaswa kwenda kwao ku quartier Golf, kumukanda na maji ya moto, kumuosha mutoto siku arobaini. Ndoo nilishanunua.

Mama yako Agnès, mudogo wangu, aliponiachia wewe, ulikuwa na miaka minne. Sikukuomba kitu tangu ile siku. Leo naomba. Urudishe jina yangu, na urudishe dakika zangu nne, mbele ya mutoto kuzaliwa.

Mama yako mukubwa,
Madeleine

*

Kolwezi
17 Machi 2024

Mama mukubwa mupendwa,

Bwana asifiwe sana. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu. Mimi kifua iko bien, usiogope. Dereva wako alisimama ku mulango mupaka nikatafuta karatasi, hata chai alikataa.

Nimesoma barua yako mara mbili na nimeumia. Pole sana. Pole kwa matusi, pole juu ya Syntiche, hiyo sikuifikiria. Lakini nakuomba uangalie na upande wa pili. Hapa Kolwezi, siku tatu tu za kuonyesha filme, bantu makumi sita na moja balikuya mbele kutoa maisha yao kwa Yesu. Muzee mumoja alileta dawa zake zote za muganga wa kienyeji, akazichoma mbele yetu. Ni filme njo ilifanya hii kazi. Ni wewe, Mama mukubwa, ulifanya hii kazi. Mungu alikutumia.

Juu ya jina: pasteur alisema bantu bakiona jina ya muntu aliyecheza mulozi, woga yao inaisha, banaenda nyumbani banasema ni teatre tu. Alisema pia tuandike "ushuhuda wa kweli" juu mambo kama haya inatokea kweli, hata kama si kwa huyu muntu. Na juu ya sehemu ya kitambaa, mimi niliipenda. Lakini yeye alisema muntu akimuhurumia mulozi, hatakimbilia madhabahu. Mimi ni muntu wa montage. Ninakata pale naambiwa kukata.

Filme yetu haitafute zawadi za wazungu, inatafuta roho. Kama kamera inatetemeka kidogo, kama sauti iko na upepo, Mungu anaangalia moyo. Shida yako, kusema kweli, ulicheza muzuri kupita. Ungecheza kama bengine, hakuna angeogopa.

Vumilia kidogo. Syntiche ni mutoto wa Mungu, moyo wake utalainika. Tunakuombea kila asubuhi saa kumi na moja.

Mutoto wako,
Hénoc

*

Katuba
21 Machi 2024

Hénoc,

Nimepokea. Niko muzima, juu hasira inapasha damu. Na wewe uko muzima, nimeona, juu muntu mugonjwa hawezi kuandika upuuzi murefu vile.

"Ulicheza muzuri kupita." Nimeisoma mbele ya jirani yangu Rachida, yule mama muislamu wa nyumba ya pili, wa pekee anayeingia kwangu sasa. Aliniomba nirudilie, akidhani hajasikia. Kwa hiyo kosa ni yangu. Ningesimama kama nguzo ya stima na kusoma maneno kama Claudine, leo ningekuwa bibi ya muntu.

Sasa acha nikukumbushe namna tulifanya ile kazi, juu naona Kolwezi imekusahaulisha. Mulitafuta mama wa kucheza mulozi mu kanisa yote, bakakataa bote, banaogopa pepo itabakia mu mwili. Njo ukakumbuka mama yako mukubwa: mukatoliki, haogope. Nikakubali. Wiki tatu nilifanya répétition peke yangu mu jikoni, namna anakaa, namna anashika mwiko, namna anacheka bila meno kuonekana. Siku ya kazi nikauliza tutarudilia mara ngapi. Pasteur Zéphirin akasema tunasali, tunapiga mara moja, kwisha, Roho harudilie. Unakumbuka? Prise moja kwa kila kitu. Claudine akisahau neno anasema "amina", na wewe unaacha. Ile filme iko na amina arobaini na mbili. Nilihesabu jana kichwani, na zingine nilisahau.

Mungu aliumba siku ya kwanza, akaangalia. Akaumba ya pili, akaangalia tena. Nani alikuambia Roho harudilie? Ni uvivu njo haurudilie.

Na mugonjwa wenu wa miezi mitatu, juu ya kitanda ya kufa, na rouge à lèvres mu mudomo. Na perruque mupya ku kichwa kila siku, mu nyumba ambayo banasema hakuna hata unga. Na malaika aliyevaa rideau ya dirisha ya salon ya pasteur, naijua ile rideau, iko na alama ya chuma ya kupiga pasi. Na maombi ya dakika kumi na moja, kamera haitembee, hata mwenye kuomba alikuwa anaangalia saa yake. Hivi njo munamupa Mungu? Seremala akileta kanisani meza ya miguu mitatu, munamuambia Mungu anaangalia moyo? Munamurudishia meza yake. Lakini filme, hata ikichechemea namna gani, munaiita upako.

Mimi sikatae filme ya Mungu. Sikiliza vizuri. Mimi njo nilikufundisha kufunga mikono mbele ya kula. Nakataa kumupa Mungu mabaki, kisha kumuita yeye shahidi.

Na mu hii filme yote, muntu mumoja tu alikuwa muntu, na mulimukata mara mbili. Ile dakika nne, unajua vizuri nililia nini. Mulozi anakunja kitambaa cha kubebea mutoto, kitupu, anasema mutoto wake alikufa na hakuna jirani hata mumoja alikuya ku kilio. Uliandika anaitwa "mutoto". Mimi nilisema "Bénie". Kwa jina ya Bénie wangu niliyemuzika na miezi saba, mbele Faustin azaliwe, mu mwaka ule wa fujo, bantu bote bamefunga milango. Miaka makumi tatu sijalia mbele ya muntu. Nililia mbele yako, juu ulikuwa nyuma ya kamera na nilikuamini. Ukaitupa.

Bila ile sehemu, mimi ni munyama. Na ile sehemu ikiwako, mimi ni mama aliyepotea, na kila mama mu kanisa anajiuliza jirani gani hakumutembelea. Hiyo njo ingelikuwa mahubiri. Pasteur wako aliiona, njo maana aliiogopa.

Wamama ba avenue balizoea kuniletea batoto bachanga nibaoshe mara ya kwanza. Wiki hii amezaliwa mumoja ku nyumba ya tano. Bamepita mbele ya mulango yangu, bakavuka barabara.

Sitaki maombi ya saa kumi na moja. Lala. Kisha uamuke ufanye montage.

Mama yako mukubwa,
Madeleine

*

Sakania
9 Aprili 2024

Mama mukubwa,

Salamu nyingi. Unisamehe kukawia. Tulihama Kolwezi, tumefika Sakania siku nne sasa, chakula kinatoka Zambia, niko bien. Na wewe, mugongo? Na sukari? Nimemupa hii barua mama mumoja anayeleta samaki Lubumbashi kila wiki, ataleta na jibu.

Barua yako ilinikalia mu kifua. Ile siku nyuma ya kamera sikujua kama Bénie alikuwa muntu. Nilifikiri umevumbua jina. Haukuniambia, Mama mukubwa, lakini hata mimi sikuuliza.

Nilienda kwa pasteur Zéphirin. Nilimuambia yote: Syntiche, mimba, ndoo, bantu ba avenue. Tuliongea masaa mawili. Hakukasirika, unajua anaongea kwa upole. Juu ya filme alisema hapana, imeshasambaa mu makanisa kumi na nne, hauwezi kurudisha muto mu chanzo. Lakini alitoa njia ingine, na aliniomba nikuandikie mimi mwenyewe.

Anasema ukuye ku kanisa mu Lubumbashi, Jumapili moja, atakuya kuongoza yeye mwenyewe. Upige magoti mbele, uungame, akuombee ufunguliwe. Dakika kumi. Kamera itakuwako. Kisha yeye mwenyewe atamuambia Syntiche ya kuwa uko safi, na Syntiche ataamini, juu anamusikiliza kuliko Faustin. Hata jirani batarudi. Nilimuambia: lakini hajafanya kitu, ni mimi nilimuandikia maneno. Akajibu: "Kila muntu iko na kitu ya kuungama."

Najua namna hii barua itakuuma. Ningeweza kuificha. Lakini mutoto hangojee, na sina njia ingine mu mukono. Nakuomba tu ufikirie.

Mutoto wako,
Hénoc

*

Katuba
13 Aprili 2024

Hénoc,

Niko muzima.

Nimefikiri. Ilichukua muda wa kufungua barua na kuifunga.

Niungame nini? Kama nilishika mwiko muzuri? Kama nilijifunza maneno uliyoniandikia na kuyasema bila kusahau? Bantu banaungama dhambi, mimi munaniambia niungame kazi. Hata Yesu hakulazimishwa kumuambia Yuda asante.

Usifikiri sioni. Balitengeneza uongo, uongo ukazaa woga, sasa banataka niupige uongo muhuri kwa magoti yangu, na bapige kamera, bapate filme ya pili bure. Ya kwanza ilikosa mwisho, mimi niwape mwisho. Na wewe, niliyekutafunia chakula ulipougua surua, unaniletea hiyo ndani ya bahasha na "na wewe, mugongo?".

Mujukuu wangu, namutaka kuliko kitu chochote iko imebakia mu maisha yangu. Kila siku nakunja nguo zake nilizoshona, nazikunjua, nazikunja tena. Rachida anasema nitazimaliza kwa kukunja. Lakini sitamubeba na mikono ya mulozi. Akikua, watamuambia nini? Bibi yako alikula bantu, kisha akaacha?

Hapana. Na usiniandikie tena mupaka uniandikie kama muntu niliyemulea.

Mama yako mukubwa,
Madeleine

*

Sakania
14 Mei 2024

Mama mukubwa wangu,

Nakusalimia kwa magoti, si ya kanisa, ya mutoto. Uko muzima? Faustin aliniambia mutoto alizaliwa tarehe makumi mbili na sita ya mwezi wa ine, musichana, na ya kuwa walimuita Agnès, jina ya mama yangu. Nililia mu station ya train, bantu bakidhani nimeibiwa. Nilimuuliza kama umemuona. Akasema bado. Kisha réseau ikawa mubaya, na safari hii ni yeye aliikata.

Ulisema nisikuandikie mupaka nikuandikie kama muntu uliyemulea. Nimejaribu. Isikilize, uamue wewe.

Nimerudisha ile sehemu. Wiki mbili nilijifungia mu chumba na ordinateur ya kukatia filme, nilitoka tu kwenda kula. Dakika nne zako ziko ndani, zote, na jina Bénie. Nilikata maombi kutoka dakika kumi na moja mupaka moja. Nilikata amina makumi tatu na tisa, tatu nilishindwa, Claudine alizisema na mudomo wazi mbele ya kamera. Malaika wa rideau ameondoka. Nilifuta "ushuhuda wa kweli". Na jina yako niliweka ya kwanza, peke yake ku ukuta, herufi kubwa, inakaa mupaka muntu asiyejua kusoma aulize mwenzake: Mama Chungu amechezwa na Madeleine.

Jumamosi niliionyesha hapa, mu salle ya bacheminots, bantu ba train, bila kumuambia pasteur. Watu mia moja hivi. Ulipoanza kukunja kitambaa, hakuna alikemea. Nilingoja, hakuna. Nikaogopa, nikafikiri nimeharibu. Mwisho, hakuna alikuya mbele kutoa maisha. Bakaanza kutoka kimya kimya. Lakini mama mumoja wa kuuza matomati alibakia juu ya kiti, akasema, si kwangu, kwa hewa tu: "Ku avenue yetu iko mumoja kama huyu. Kesho nitamupelekea unga."

Nilitaka ungekuwako. Miaka saba nafanya hizi filme, ni mara ya kwanza niliona muntu anatoka na kitu mu mukono badala ya woga.

Pasteur Zéphirin alijua siku ile ile. Hakupiga kelele. Aliniambia niache kamera, niache magari, niende. Kamera imeshikwa na Dan sasa, unamukumbuka, yule wa lumière, wa kushika taa. Niliacha vyote. Diski iko mu soksi yangu.

Uliyosema juu ya uvivu ni kweli. Nilikuwa nasema Mungu anaangalia moyo juu sikutaka muntu aangalie kazi yangu. Unisamehe.

Nakuya. Jumapili tarehe makumi mbili na sita niko Lubumbashi. Nitaingia Golf na diski mukononi, nitabakalisha Faustin na Syntiche mbele ya ukuta, baangalie mupaka jina yako. Kisha nakuya kukuchukua Katuba na ndoo yako, tuende pamoja. Ngojea kidogo tu. Siku kumi na mbili.

Mutoto wako wa kulea,
Hénoc

*

Golf
20 Mei 2024

Hénoc, mutoto wangu,

Natumaini uko muzima na unakula. Mimi niko muzima. Angalia fasi niliandika pale juu, mbele ya tarehe. Niko Golf. Barua yako Rachida aliniletea hapa leo Jumatatu, alikuya na miguu, akasema imefika na mama wa samaki asubuhi. Niliisomea mu choo, mulango umefungwa.

Ilichelewa siku moja.

Ijumaa Faustin alikuya kwangu. Safari hii alikaa. Alisema mutoto anakataa titi, Syntiche ana homa, hajui kushika mutoto, hajui kumukanda tumbo, ana kitabu na hakuna muntu. Analia, mutoto analia. Alinionyesha telefone: kidogo, mwekundu, mudomo wazi. Nilitambua ile mudomo. Ni ya mama yako. Nilimuuliza Faustin: na wewe unaamini mimi ni nini? Akasema: "Mama, mimi najua. Lakini nyumba ni yake pia." Mutoto niliyemuzaa. Sikumupiga. Nilimupa nguo nilizoshona, nikamuambia amuambie pasteur nakubali, Jumapili nakuya.

Jana ilikuwa Pentekoste. Kanisa ilijaa mupaka inje. Balinivalisha nguo nyeupe ya kuazima. Dan alisimama na kamera pale pale ulikuwa unasimama wewe, hata kuniangalia alishindwa. Zéphirin akaniwekea mukono ku kichwa.

Nilianza kucheza vibaya, makusudi. Nilitaka kuwapa ya Claudine: sauti ya kusoma, amina hapa, amina pale. Nilijiambia, nitaungama, lakini sitawapa kitu changu. Pasteur akaangalia bantu, bantu hawakuwa na mimi. Akasema mapepo ingali inaficha. Syntiche alikuwa mbele, na mutoto ndani ya kitenge. Nilimuona anarudisha kiti nyuma.

Basi nilicheza. Nilishusha sauti mupaka wainame kunisikia. Niliwapa chungu, niliwapa mimba za bantu, niliwapa damu. Na walipotaka machozi, sikuwa na ingine, Hénoc. Niliwapa Bénie. Nilisema ni mimi nilimukula. Mutoto wangu mwenyewe, mbele ya kanisa, mbele ya ndugu yake Faustin. Prise moja. Bantu walianguka chini. Hata Zéphirin alitokwa na machozi, ya kweli, mujinga yule. Kisha Syntiche akasimama, akakuya, akaniwekea mutoto mu mikono.

Ni muzito kuliko picha yake. Tangu jana jioni ananyonya. Nilimukanda Syntiche mugongo leo asubuhi, homa imeshuka. Ananiita Mama. Analia, ananiambia Mungu ni mukubwa. Ni mutoto muzuri, ni hiyo njo inanikasirisha zaidi.

Sasa sikiliza, na usome pole pole. Usikuye Jumapili na ile diski. Usiionyeshe hapa, usiionyeshe ku kanisa, usiionyeshe mu Lubumbashi nzima. Muntu akiona jina yangu pale, kubwa, peke yake, akisoma ya kuwa Madeleine ni muntu wa kucheza, na ya kuwa machozi ya Bénie nilishayalia mara ya kwanza mbele ya kamera yako, ataelewa na ya jana. Syntiche si mupumbavu. Ataelewa mbele ya bote. Atanitoa mutoto mikononi, na mara hii haki itakuwa yake.

Nilikuomba jina kwa barua mbili. Nakuomba ulifute. Na ile sehemu, uikate tena.

Najua uliacha kazi juu yangu. Najua ni filme muzuri, naiamini bila kuiona, na ile mama wa matomati namufikiria tangu asubuhi. Nakukasirikia, Hénoc. Ile kazi uliyofanya mwezi wa tano, ungeifanya mwezi wa tatu ningekuwa hapa na nguo yangu mwenyewe. Nawakasirikia bote, na najikasirikia mimi kuliko bote, juu pale magotini kuna dakika nilisikia bantu banashika pumzi, na nilifurahi.

Usinijibu. Barua hapa zinapokelewa na Syntiche. Ukuye kumusalimia mutoto, mikono mitupu, uniite Mama mukubwa mbele yao, unywe chai. Usiniangalie sana.

Maji imechemka na anaamuka. Naenda kumuosha.

Mama yako mukubwa